Fundi Hamdam na Mota ya Pipa la Kukamulia

Fundi Hamdam wa Marghilon, mji wa nchi ya Wauzbeki, hakuwahi kukaa kitako mpaka chai ikapoa. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alianza kumhangaisha tangu akiwa tumboni: mwanamke amelala, tumbo linatoka kwenda uani. Alipozaliwa walimfunga kwenye susu kwa mikanda miwili mipana, kama wafungwavyo watoto wote wa huko, naye akaondoka na susu mgongoni mpaka kwenye banda la ng'ombe. Walioshuhudia hayo wamekufa wote, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Utu uzima haukumtuliza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na maisha yake wenyewe. Akiketi tu, unaanza: tiki tiki tiki, kisigino kinapiga sakafu, mwenyewe hana habari. Kwenye harusi hakuna aliyethubutu kuweka kibakuli cha chai karibu na goti lake, na siku moja alipokaa juu ya mzigo wa matikiti uliopangwa vizuri barabarani, matikiti yalishuka yenyewe mpaka sokoni. Mwenye mzigo akamshukuru, maana alikuwa hajapata mkokoteni.

Kazi yake ilimfaa. Alikuwa akikereza susu, zile za mti zenye miguu ya upinde, za kubembezea watoto, kama baba yake na babu yake. Kerezo lao lilikuwa la mguu: unakanyaga ubao, kamba inazungusha mti, patasi inakula, unakanyaga tena. Mguu wa kulia ulikanyaga tangu asubuhi, wa kushoto ukatikisika kwa furaha yake, na maranda yakajaa mpaka vifundoni. Nusu ya mtaa ililala kwenye susu za Hamdam. Mtaa huo huo ulimcheka pia, kwa sababu binti yake wa pekee, Zebo, alikuwa ameolewa miaka mingi na hakuwa na mtoto. Fundi wa susu, wakasema, nyumbani kwake hakuna cha kubembeza.

Hamdam aliendelea kukereza. Lakini juu ya dari ya karakana alikuwa ameweka mbao za mforsadi tangu wiki ya harusi ya Zebo, zikauke taratibu, na kila aliyetaka kuzinunua, Hamdam alimwambia zina mchwa.

Kisha Zebo akazaa mtoto wa kiume. Na mwezi uleule goti la kulia la Hamdam likakauka kama bawaba yenye kutu.

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Susu ya mtoto wa kwanza huletwa na wazazi wa mama. Huletwa siku ya arobaini, imefunikwa vitambaa, na watu wote wanaona. Baba asiyeileta amemwinamisha binti yake kichwa mbele ya wakwe kwa maisha yote, na baba ambaye ni fundi wa susu, akienda kununua kwa fundi mwingine, heri ahame mji. Hamdam alijaribu kukanyaga kwa goti lile akalia. Akajaribu mguu wa kushoto, lakini mguu ule haukubali kutumwa: ulikanyaga unavyotaka wenyewe, na kijiti cha kwanza kikatoka na umbo la karoti.

Akaanza kutafuta mota.

Miaka ile Warusi waliotawala nchi walikuwa wameshafungasha na vipuri vimeondoka nao, na hakuna aliyekuwa akitupa kitu. Kwa Hamdam kila kilichozunguka kililala jicho moja wazi. Mota ya feni ya dari ilikuwa inazungusha jiwe la kunolea visu. Mota ya pampu ya maji ilikuwa inakata mbao, kisima kikarudi kwenye ndoo na kamba. Kilichobaki kizima ndani ya nyumba kilikuwa mashine ya kufulia ya mkewe, Oydin, yenye mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Oydin alikuwa amekwenda kumlea Zebo siku za mwanzo. Mume akabaki peke yake na mashine, na shetani akawa wa tatu wao.

Oydin aliporudi alikwenda moja kwa moja na furushi la nepi.

"Baba Zebo, pipa langu la kukamulia liko wapi?"

"Liko palepale."

"Nimeliona. Ndani yake kuna paka."

"Basi si liko palepale."

"Na mota yake?"

"Ilikufa, mama Zebo. Nimeizika vizuri."

Oydin akatega sikio upande wa karakana. "Mbona maiti yako inanguruma?"

Hamdam akaangalia mti wa tini kana kwamba ndio uliosema.

"Mota ile ilikuwa inakohoa tu," Oydin akasema. "Mimi nakohoa kila majira ya baridi, mbona hujanifungua boliti?"

"Sina spana ya saizi yako."

Oydin akamrushia nepi moja, mbichi, akaenda kukamua zilizobaki kwa mikono. Hakununa sana. Alijua mota ile ni ya nini, na mjukuu alikuwa wake pia.

Sasa mota yenyewe ilikuwa na tabia. Waya zake za kuwashia zilikuwa zimeungua zamani. Ukiipa umeme inanguruma papo hapo bila kuzunguka, kama mtu aliyeitwa na mkewe akiwa kwenye kahawa. Ilibidi uisukume kwa kamba ndipo iende, na kule unakoisukuma ndiko inakokwenda, kulia au kushoto, haina ubishi. Siku ya kwanza Hamdam kwa haraka zake aliivuta kamba kinyume. Kijiti kilichofungwa kwenye kerezo kikachomoka, kikatoka dirishani, kikapita juu ya ukuta na kuingia kwa jirani, Bi Hojar, ambako kilipasua boga lake vipande viwili sawasawa, hata mbegu zikajigawa. Puli ya mota, lile gurudumu dogo la kuvutia mkanda, ilibaki nzima. Puli hiyo Hamdam aliichonga mwenyewe kwa mti wa mforsadi na kulitoboa tundu kwa kukisia, kwa sababu kupima kunataka mtu atulie. Mkanda ulikuwa kipande cha hatamu ya farasi.

Mota ikafanya kazi, hilo haliwezi kukanwa. Ilikuwa inakula mti kama mbuzi anavyokula shada la harusi. Lakini ilitikisa. Benchi lilitikisika, mbao za sakafu zikatikisika, ukuta wa udongo ukatikisika, na upande wa pili wa ukuta maziwa mgando ya Bi Hojar yakawa yanageuka siagi yenyewe juu ya rafu. Siagi aliila, asante hakusema.

Hamdam hakujali. Akakereza kwa pupa, akaunganisha, akapaka nyekundu na njano na kijani, na susu ikasimama nyuma yake sakafuni, nzuri hata yeye akaisalimia. Kilikuwa kimebaki kibomba kidogo cha mti, kile cha kupitishia mkojo wa mtoto. Akavuta kamba, akainama kukikereza.

Ndipo Bi Hojar alipofika mlangoni. Mama huyu alikuwa amezika waume wawili na kuozesha wajukuu tisa, na ulimi wake ulikuwa haujapumzika tangu mume wa kwanza. Mkononi ana sahani ya sambusa za boga.

"We Hamdam, nimekuletea uonje kosa lako mwenyewe," akaanza, kisha akanyamaza.

Nyuma ya mgongo wa Hamdam, susu ilikuwa inabembea. Tupu. Hakuna mtoto, hakuna mkono. Inakwenda na kurudi, taratibu, kama kuna mtu ameketi pembeni yake anaimba.

Huko hakuna anayebembeza susu tupu. Mtoto mkubwa akiigusa kwa mchezo anavutwa sikio mpaka linarefuka. Inasemwa atakayelazwa humo baadaye ataumwa kichwa na usingizi utamkimbia, na kuna mengine ambayo watu hawayasemi kwa sauti. Bi Hojar aliweka sahani kizingitini, akageuka, akaondoka. Hamdam, kwa ngurumo ile, hakumsikia alipokuja wala alipoondoka. Alipogeuka akaona sambusa, akaona susu inavyokwenda, akazima mota. Akazila sambusa zote amesimama, bila kujua anakula nini.

Alasiri Bi Hojar alirudi, safari hii mikono mitupu, akaketi ukingoni mwa baraza pamoja na Oydin.

"Nimetumwa," akasema. "Na mkwe wenu, Bi Tojihon. Kasema susu ya humu ndani haitavuka kizingiti chake. Mtoto amengojewa miaka yote hii, halazwi kwenye kitu kilichobembezwa na asiyeonekana. Susu atanunua yeye mwenyewe sokoni."

"Yeye mwenyewe?" Oydin akauliza.

"Mwenyewe."

Oydin alikuwa anakunja nguo, akaikunja ileile mara ya pili. Bi Tojihon alikuwa mama wa mume wa Zebo, na mama wa mume kununua susu ni sawa na kutangaza kwamba binti aliokotwa njiani, hana kwao.

"Na wewe ulimwambia nini?" Hamdam akauliza. Alikuwa anazunguka uani, goti linalia.

"Nilichokiona. Susu inabembea yenyewe."

"Mbona mtaani wanasema kulikuwa na kizee kimekaa ndani yake, kinavuta kiko?"

"Hicho sicho changu," Bi Hojar akasema kwa heshima zake zote. "Hicho kiliongezwa pale kwenye tanuri la mkate. Mimi siongezi. Ungekaa, Hamdam, nakuona wawili."

"Ni mota, Bi Hojar. Inatikisa sakafu."

"Mimi sijali nani anayebembeza, mwanangu. Iwe jini iwe mota, susu ilikuwa tupu na ilibembea."

Na Hamdam mwenyewe aliamini hivyo hivyo. Angemkuta mtu anabembeza susu tupu, yeye angekuwa wa kwanza kumvuta sikio. Susu yake ile nzuri haikufaa tena. Mbao zilizobaki darini zilitosha susu nyingine moja, kwa kubana, na susu hiyo nayo ikikerezwa kwenye mota ile itabembea hivyo hivyo. Na bila mota, goti halikanyagi. Arobaini haimngojei mtu.

"Ukaniombee kwake," akamwambia Bi Hojar. "Asinunue kwanza. Aje aone mwenyewe mota ikitulia. Asiporidhika, anunue."

"Ikitulia?" Bi Hojar akamtazama mguu wa kushoto, uliokuwa unapiga ardhi. "Haya. Nitamwambia, maana nami nataka kuona."

Basi Hamdam akaingia wazimu. Aliweka mazulia ya sufu chini ya benchi, benchi likatikisika na mazulia. Akakata tairi la trekta akaikalisha mota juu yake, mota ikaanza kudunda kama mwanakondoo. Akachimbia nguzo ardhini na kufunga benchi kwenye nguzo, nguzo ikapanda kidogo kidogo mpaka ikatoka, na Hamdam akaapa kuwa ilichipua jani. Hakula, hakukaa. Alikuwa anaongea na mota kwa Kiuzbeki, ilipokataa akaitukana kwa Kirusi, kwa kuwa Urusi ndiko ilikozaliwa.

Oydin alikuwa uani anakamua blanketi, ncha moja ameifunga kwenye mti wa tini, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Baba Zebo, wewe hujawahi kufua," akasema.

"Sasa hilo limetoka wapi?"

"Pipa lile lilikuwa linaruka hivyo hivyo. Nikiweka blanketi likalala upande mmoja, linatikisika, linatembea, siku moja lilinifuata mpaka mlangoni nikadhani linataka kuaga. Silifungi kamba mimi, siliwekei tairi. Nalizima, nazisambaza nguo pande zote, linatulia."

"Mota haina nguo ndani."

"Basi tafuta blanketi lilipolala."

Hamdam akasimama tuli, kitu ambacho kilimtisha mkewe kidogo. Akaingia ndani. Akatoa mkanda, akavuta kamba, mota ikazunguka peke yake na puli yake. Akachukua kipande cha mkaa, akaegemeza mkono kwenye benchi, akakisogeza mkaa polepole mpaka ukaigusa puli kidogo tu. Alipozima, mkaa ulikuwa umepaka upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa mweupe kama meno. Tundu lake la kukisia halikuwa katikati. Blanketi lilikuwa limelala hapo.

Hata angetengeneza puli nyingine, tundu asingelipata katikati zaidi, kwa mikono ile. Lakini fundi wa kukereza hukereza. Akaiwasha tena, akakaza ubao wa kuegemeza patasi, akaielekeza patasi kwenye puli yenyewe. Mwanzoni patasi iligonga, tk, tk, tk, inakula upande ulionenepa na kuruka ulio mwembamba. Ikabidi atulie, akisukuma kwa pupa, patasi inatupwa. Goti linauma, mguu wa kushoto akaubana kwa magunia mawili ya maranda. Mgongano ukapungua, ukawa mkwaruzo, kisha likatoka randa moja refu lisilokatika, likamzunguka kifundo cha mkono. Mkaa ukapaka duara zima. Mota ilikuwa imejikereza yenyewe, na katika ukimya ule Hamdam akasikia jogoo wa Bi Hojar akiwika. Alidhani jogoo huyo alikufa zamani.

Akaanza susu upya, kijiti kwa kijiti. Ile ya kwanza Oydin aliipeleka bandani kwa kuku. Kuku akaatamia humo, na vifaranga walipototolewa walitembea wakiyumba kulia na kushoto maisha yao yote. Hakuna aliyewafundisha.

Bi Tojihon alikuja na Bi Hojar, amejifunga shali nyeusi, amekaza uso. Oydin alitandika kitambaa karakanani, akaleta mkate, halua na birika. Susu mpya ilisimama sakafuni hatua chache kutoka kwenye mota.

"Karibu, mkwe," Oydin akasema. "Kaa hapa pa joto."

"Sitakaa sana," Bi Tojihon akajibu. "Nimekuja kuona jini wenu."

Hamdam akavuta kamba. Mota ikanguruma, ikatulia kwenye mwendo wake. Halafu, kwa haraka zake zilezile, kwa kuwa alitaka mama yule aone kwa macho yake kwamba hakuna kinachotikisika, akachukua kibakuli, akakimiminia chai mpaka ukingoni kabisa, mpaka chai ikatuna juu, akakiweka kwenye benchi mbele ya Bi Tojihon.

Karakana ikapoa.

Mgeni humiminiwa chai kidogo, nusu kibakuli au chini ya hapo, ili akimaliza aongezewe, na kila akiongezewa ajue anapendwa. Kibakuli kilichojaa kina maana moja, hata mtoto wa miaka mitatu anaijua: kunywa, uende zako.

Bi Tojihon akaanza kuikaza shali yake. "Nimeelewa," akasema. "Nyumba hii imenielekeza mlango."

"Siyo hivyo, mkwe," Hamdam akasema. Mguu wa kushoto ukainuka wenyewe kuanza vituko. Oydin akaukanyaga.

"Mkwe, kwani hicho ni chako?" Oydin akauliza kwa upole. "Chako hiki hapa." Akammiminia kidogo, chini ya nusu, akamkabidhi kwa mkono wa kulia, wa kushoto kifuani. "Kile kilichojaa ni cha mtikisiko. Tumemwambia anywe, aende zake. Kitazame, kama bado yupo atamwaga."

Wote wakakitazama. Chai ilikuwa imetuna ukingoni, na mota inanguruma shibri moja kutoka pale. Haikumwagika. Haikufanya hata kiwimbi. Nzi alitua ukingoni akajiona sura yake. Kisha wakaitazama susu. Ilikuwa imesimama kama punda aliyekataa.

"Ameondoka," Bi Hojar akasema. Sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo.

Bi Tojihon alinywa chai yake. Akanyoosha kibakuli aongezewe. 

"Ile ya kwanza iko wapi?" mama yule akauliza.

"Anayo kuku," Oydin akajibu.

"Mwacheni nayo. Hii mtaileta." Akaigusa kichwani kwa vidole viwili, bila kuitikisa. "Lakini fundi asiibebe yeye. Akiibeba yeye itafika imeshabembea."

Siku ya arobaini wanawake walijaa chumbani kwa Zebo, wanaume wakakaa barazani kwenye pilau, na mlango wa katikati ukaachwa wazi. Zebo alikuwa amesimama karibu na susu, kichwa juu. Bi Hojar, kwa wingi wa wajukuu zake, ndiye aliyepewa kumlaza mtoto. Akambeba, akamwelekeza kichwa upande wa miguuni mwa susu, kinyume, kama inavyopasa kufanywa kwanza.

"Nimlaze hivi?"

"Sivyo," wakaitikia wanawake wote.

"Hivi?" Kinyume tena.

"Sivyo!"

Akamgeuza. "Basi hivi?"

"Ndivyo."

Wakamfunga mikanda. Mtoto akatazama dari, akakunja uso, akalia kilio ambacho hakikuwa cha mtu wa siku arobaini. Zebo akambembeza. Bi Tojihon akambembeza, Oydin akaimba. Mtoto akazidi. Wanawake wakaanza kutazamana kwa pembe za macho, na mmoja akanong'ona habari za kizee mwenye kiko. Uso wa Bi Tojihon ukaanza kukaza upya. "Kila mtu aondoe mkono," akasema. "Tuone."

Wakaondoa mikono. Susu ikasimama. Kisha taratibu ikaanza kubembea yenyewe. Haikuwa haraka wala pole. Ilikwenda na kurudi, na mtoto akanyamaza katikati ya kilio, akapiga mwayo, akafumba macho.

Wanawake wakarudi nyuma. Bi Hojar akainama mpaka shavu likakaribia sakafu, akazifuata mbao kwa macho, ubao kwa ubao, zinavyotoka chini ya susu, zinavyopita mlangoni mpaka barazani. Huko mwisho wake alikuwa ameketi Fundi Hamdam, kijiko cha pilau hewani, masikio yamesimama kusikiliza mjukuu, uso umemtoka jasho. Kisigino cha kushoto kilikuwa kinapiga ubao, tiki tiki tiki, mwenyewe hana habari.

"Mota ile tuliionea," Bi Hojar akasema. "Ilikuwa inamwiga mwenyewe."

Hamdam alisikia kicheko, akautazama mguu wake, akaubana.

Mtoto akaanza kulia.

"Mkwe," Bi Tojihon akaita kutoka ndani, "nani kakwambia usimamishe mguu?"